Jumanne ya Mhina

Shati lilikuwa bado bichi kwa jasho lilipoletwa nyumbani pamoja na mwenyewe. Bi Mwanjaa alimvua mwanawe Mhina kwa mikono yake, kifungo kwa kifungo, kama alivyokuwa akimvua enzi za kumbeba mgongoni, na wakata mkonge waliomleta wakageuzia nyuso zao ukutani. Hakulifua. Alilikunja na chumvi yake, akalitia ndani ya kapu la ukili, akalifunika kwa kisutu. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano wakazika. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya kuanua tanga, na kapu halijafunguliwa.

Kabla ya adhuhuri akaja Kaoneka.

Kaoneka alikuwa mnyapara wa kitalu cha nne, pale pale alipofia Mhina. Alizaliwa humu humu kambini Kwemtongo, mlango wa tatu kutoka kwa Bi Mwanjaa, na marehemu mama yake na Bi Mwanjaa walikuwa wakipokezana jiko. Alivua viatu, akakaa ncha ya mkeka, kishikwambi chake cha kazi akakibana kifuani kama mtu aliyeficha mkate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Tumbo lako linasema vingine, lakini sikushikilii. Sema lililokuleta."

Akatoa karatasi. "Ofisi imenituma. Wanalitaka shati, ni mali ya kampuni. Na hapa chini uweke dole gumba."

"Jina langu najua kuliandika."

"Basi andika jina."

"Nisome kwanza."

Bi Mwanjaa aliishia darasa la tatu. Alikuwa akisoma kidole kikiwa chini ya neno, kama anayechambua mchele kwenye ungo: hana haraka, lakini chuya haimpiti. Karatasi ilisema kwamba shati la marehemu Mhina Semkiwa lilifungwa nyuzi zake na mtu asiyejulikana; kwamba kwa sababu hiyo shati lilikuwa bubu siku ya tukio, halikutoa taarifa yoyote ya joto; na kwamba familia imeridhika.

Kwenye neno "bubu" kidole kikasimama.

"Asiyejulikana," akasema.

Kaoneka akashusha sauti. "Anajulikana, mama. Ofisi wanajua tangu mwaka jana kwamba katika chumba chako cha viraka kuna mkono unaopiga fundo. Wameandika 'asiyejulikana' kwa hisani tu. Ukitia jina, wanachukua shati, yanaisha. Usipotia, Jumatatu anakuja mkaguzi wa serikali. Watayakusanya mashati ya wale wanawake wote uliowapigia, wamwonyeshe mafundo. Ni wangapi? Kumi? Kumi na mmoja?"

"Watu hawahesabiwi kama kuku."

"Watafukuzwa wote. Na wewe utatoka na jina."

"Jina gani?"

Kaoneka hakulitaja. Bi Mwanjaa alikuwa analijua. Tangu Jumanne lilikuwa limemkalia kifuani kama jiwe la kusagia: mama aliyemuua mwanawe kwa sindano.

*

Mashati yale yalikuja mwaka ule joto lilipoua watu watatu kwa wiki moja, na yalikuja kwa wema. Hilo Bi Mwanjaa hakulikana hata siku moja. Kitambaa ni pamba kama pamba nyingine, ila ndani yake umepitishwa uzi uliopakwa fedha, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Ndani ya uzi ule hupita umeme kidogo, usioweza hata kumshtua nzi. Shati likiwa kavu, umeme husita. Jasho likiingia, hupita. Na jasho likiwa na chumvi nyingi, hupita mbio, maana chumvi ndiyo inayoufungulia umeme mlango. Kwa hiyo shati humwonja mtu kama mpishi aonjavyo mchuzi kiganjani. Chumvi ikizidi ni kwamba mwili umeishiwa maji. Shati humfinya mwenyewe begani mara tatu, naye huweka panga chini, akaenda kivulini. Mwaka wa kwanza hakufa mtu.

Mwaka wa pili ofisi ikaona kwamba watu wakienda kivulini kwa wingi, majani hayafiki korona. Korona ni ile mashine ya kukamulia mkonge, inayotoa singa, zile nyuzi nyeupe, upande huu na kutapika maji ya kijani upande ule, na mlio wake husikika kambi nzima tangu alfajiri. Haitaki kusimama. Basi wakaongeza kioo kidogo kama ukucha kwenye mkono wa shati. Sasa shati likimfinya mtu, huuliza kwanza mnara wa ofisini. Mnara huhesabu walioko kivulini. Wakiwa chini ya sita, kioo husema PUMZIKA. Wakiwa wametimia sita, kioo husema SUBIRI.

Mwaka wa tatu ukaja uzi wa pili. Huu hauonji chumvi. Huonja kile kinachotoka katika jasho la mtu mwenye hofu, lile jasho la kwapani lisilohitaji jua. Ofisi ilisema ni kwa ajili ya afya. Wiki ile ile wanawake wawili wa kwenye brashi, panapochanwa singa, waliokuwa wakinong'onezana habari ya kuikataa SUBIRI, waliitwa ofisini wakaulizwa, "Jasho lenu lina wasiwasi. Mna nini?" Hawakurudi kazini.

Ndipo Bi Mwanjaa alipoanza kupiga fundo la bubu. Mtu huleta shati lililochanika kwapani. Unapotia kiraka unauvuta uzi wa hofu kwa ncha ya sindano, unaukunja mara moja, unauzungushia uzi wa pamba, unakaza. Uzi unanyamaza. Uzi wa chumvi huugusi.

Hivyo ndivyo alivyojua yeye. Lakini yeye si injinia, na nyuzi zile mbili zinakwenda jirani, kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Kumi na mmoja aliowapigia walikuwa wanawake. Wa kumi na mbili alikuwa Mhina. "Nipigie na mimi, mama," alimwambia, "kuna maneno nataka kuwaambia watu, na sipendi kwapa langu linitangulie kuyasema." Akampigia, huku wakitaniana. Siku hiyo macho yalikuwa yamechoka. Je, kama mkono uliteleza upana wa sindano tu? Kama aliufunga na uzi wa chumvi?

"Niachie karatasi," alimwambia Kaoneka. "Alasiri tunaanua tanga. Rudi baada ya hapo."

"Usinitie taabuni, mama."

"Na wewe, mwanangu. Kishikwambi chako hakikuonyesha kitu Jumanne?"

Kaoneka alikuwa ameshainama kuvaa viatu. "Hakikuonyesha kitu," akasema. Akaondoka, na alipofika kwenye mchongoma Bi Mwanjaa aliona amevaa cha kulia mguu wa kushoto.

*

Alasiri watu wakajaa uani, wale wa zamu ya asubuhi waliokwisha kuoga na bado wananuka mkonge. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa. Uani pale hapakuwa na kivuli. Jua la miaka hii halijui kwamba alasiri ni wakati wa kupoa. Watu walikuwa kimya, wakitazama mikono yao, mpaka iliposikika sauti kutoka njiani.

"Wazigua mmerundikana hivi kuna nini? Nani kafa? Ni yule mvivu? Nilijua mimi. Kaona kazi imezidi, kaenda kutafuta pa kulala."

Alikuwa Nyamizi, wa kwenye brashi, mwanamke mrefu wa Kinyamwezi, sauti yake imekwaruzwa na vumbi la singa miaka ishirini. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na mtani haombi ruhusa msibani. Hutukana, huiba mwiko wa wali, hulala juu ya mkeka wa wafiwa akakoroma. Na huingia ndani akavaa nguo za marehemu na kumwigiza, watu wacheke, maana tanga lisilochekwa haling'oki. Akichukua kitu, hakirudi mpaka mfiwa akikomboe.

"Karibu, mla mchwa," mtu mmoja akamwitikia.

"Mchwa wa kwetu ana nyama kuliko ng'ombe wenu," akasema Nyamizi, na huku anapita, anainama, anaingia ndani kwa Bi Mwanjaa.

Alipotoka alikuwa amelivaa lile shati.

Moyo wa Bi Mwanjaa ulipiga kama mlango uliosukumwa na upepo. Alifungua mdomo aseme si hilo, lolote ila hilo. Lakini mtani hakatazwi. Akaufumba.

Nyamizi akashusha bega la kushoto. Bega tu, na uani kote watu wakamwona Mhina. Akapiga mluzi wa kupwaya, ule wa jino lililong'oka. Akanyakua mwiko ukawa panga, akaupangusa pajani mara mbili kama Mhina, akaliendea jani la mkonge lisiloonekana, akalipima, akalikata, akaruka nyuma kwa kuchomwa. "Mama ananiuliza nitaoa lini," akasema kwa sauti ya Mhina. "Nitaoaje na mke ninaye? Mkonge huu. Unanichoma kila siku na siwezi kuuacha."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mwanjaa akacheka pia, mara ya kwanza tangu Jumanne, na machozi yakapata njia.

Nyamizi akaendelea kukata. Akamaliza safu, akaanza nyingine, akafunga matita yasiyokuwepo, akayabeba, jasho linamchuruzika shingoni, shati limemgandama mgongoni. Mara akasimama. Akageuka nyuma.

"Nani ananishika?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Msinitanie, mtani ni mimi. Nani ananifinya begani?"

Hapo Bi Mwanjaa akainuka mkekani. Alielewa kabla ya wote, kwa kuwa alizijua nyuzi zile kama mistari ya kiganja chake. Chumvi ya Mhina ilikuwa imekaukia humo siku tatu. Jasho la Nyamizi limeiloweka, imeamka, imeungana na chumvi ya Nyamizi, na uzi wa fedha umeionja yote kwa pamoja. Uzi wa chumvi uko hai.

Nyamizi akauinua mkono, akakitazama kile kioo kidogo, akakunja uso kwa jua.

"Limeandika," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Limeniambia nisubiri."

Hakuna aliyecheka. Kutoka upande wa ofisi wakasikia mtu anakimbia.

*

Kaoneka aliingia uani akihema, kishikwambi mkononi, macho yamemtoka.

"Nani anachezea? Mhina yuko kwenye ubao, ofisi nzima wanamwona. 'Mhina Semkiwa, yuko kazini, chumvi imepita kiasi.' Karani amekimbia kiti chake. Nani amelivaa? Shati linasema mpaka—"

Akamwona Nyamizi. Akaona na watu walivyokuwa wanamtazama.

"Rudia, mwanangu," akasema Bi Mwanjaa. "Shati linafanya nini?"

Kaoneka akakibana kishikwambi kifuani.

"Umesema linasema. Na fundo langu limo ndani yake, sijalifungua. Likisema leo na fundo lake, Jumanne lilinyamazishwa na nani?"

"Bi Nyamizi, vua," Kaoneka akasema. "Hilo ni la kampuni."

"Nimelichukua msibani," akasema Nyamizi. "Komboa."

"Mimi si mfiwa."

"Si mfiwa? Jumatano pale makaburini mlisoma hotuba, mkasema kampuni imempoteza mtoto wake. Mimi nilikuwepo, na masikio yangu hayajaziba singa. Kumbe kampuni ni mzazi. Mzazi wa marehemu, komboa."

Kicheko kikapita chini chini, kikavu. Kaoneka akajifuta uso. "Nitoe nini? Kuku?"

"Kuku wa kampuni ana mifupa mingi." Nyamizi akamgeukia Bi Mwanjaa, na utani ukamtoka usoni. "Mtani wangu, taja wewe. Tumtoze nini?"

"Jumanne," akasema Bi Mwanjaa.

Kaoneka akatikisa kichwa kama hakusikia.

"Pindo la shati linakumbuka siku nane. Nimeyashona hayo mapindo, najua kilichomo. Weka kishikwambi chako penye pindo, utusomee Jumanne yake. Ukiimaliza, shati ni lako."

Kaoneka akamsogelea, akanong'ona, lakini uani kulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Mama, nikisoma hapa, fundo litatokea. Kila mtu atalijua. Sitaweza kukusaidia tena. Wala wale wengine."

Hapo ndipo mizani ilipokuwa. Bi Mwanjaa aliwatazama wanawake waliokaa upande wa jiko. Aliwajua kwa kwapa za mashati yao. Yule ana watoto watano na mume amekwenda zake. Yule mimba yake ina miezi mitatu. Walimwamini kwa siri yao. Ni haki gani aliyonayo kuimwaga uani kwa ajili ya mtoto wake mmoja, ambaye hata hivyo hatarudi? Angeandika jina, wangelala salama. Salama mpaka mwingine atakapoambiwa asubiri.

Akajishika kiuno, akasimama wima.

"Nitasema langu tu," akasema. "Fundo nililipiga mimi, Mwanjaa binti Kilua, kwa mkono huu. Karatasi ya ofisi imeniita mtu asiyejulikana. Ninajulikana. Kama ni fundo langu lililomuua Mhina, nataka kulisikia kwa masikio yangu, mbele yenu mliomzika. Sitaki kuandika uongo kisha nikalala juu yake. Ya wengine siyasemi."

Mama Hoza, yule mwenye mimba, akanyanyuka kwa kujivuta, akaingiza mkono chini ya kanga yake ambako bado alikuwa amevaa shati la kazi, akaligeuza kwapa nje watu walione. Kiraka kilikuwa pale, nadhifu, mishono midogo kama mayai ya siafu.

"Na langu linalo," akasema. "Sikutiliwa kwa hila. Nililiomba."

"Na langu," akasema mwingine.

"Langu liko nyumbani limeanikwa, lakini linalo."

Wakaenda hivyo mpaka wakafika kumi na mmoja. Mzee mmoja wa toroli akakohoa, akasema, "Langu halina. Bi Mwanjaa, ulininyima kwa nini?"

"Hukuomba, mzee mwenzangu."

"Basi naomba."

Kaoneka alikuwa bado amesimama katikati. Sasa hakikubaki cha kumtishia mtu. Akapiga goti mbele ya Nyamizi, akaweka kishikwambi karibu na pindo, kikalia mara moja kama kifaranga. Akasoma.

"Jumanne. Saa nne na dakika kumi. Chumvi ya kawaida. Saa nne na dakika arobaini. Chumvi imezidi. Shati limefinya. Walioko kivulini, sita. Mnara: subiri."

Bi Mwanjaa alifumba macho.

"Saa nne na dakika hamsini. Limefinya. Kivulini sita. Subiri."

"Saa tano. Limefinya. Sita. Subiri."

Nyamizi alikuwa akihesabu kwa kukunja vidole, kila kimoja kikisikika kama kimevunjwa. Mkono wa kwanza ukajaa. Akaanza wa pili. Shati halikuwa bubu. Lilisema, likasema tena, kama mtoto anayemvuta mtu mzima nguo, na kila lilipouliza liliambiwa neno lile lile.

"Saa tano na dakika arobaini," akasoma Kaoneka. "Limefinya. Subiri." Hapo akakiondoa kishikwambi penye pindo.

"Saba," akasema Nyamizi.

"Imekwisha?" akauliza Bi Mwanjaa.

"Ime... Ndiyo, mama."

Bi Mwanjaa akasogea. Akainama juu ya bega lake, akaweka kidole kwenye kioo cha kishikwambi, chini ya mstari uliobaki. Watu wakasubiri. Hakuna aliyemharakisha.

"M-nya-pa-ra," akasoma. "A-me-o-na."

Mlio wa korona ulikuwa unasikika kwa mbali, haujasimama. Kaoneka alikuwa bado amepiga goti, na alipozungumza alizungumza na mchanga.

"Kuna kitufe. Nikikibonyeza, mtu wa saba anaruhusiwa. Lakini jina langu linakwenda ofisini, na mwezi huu nilikuwa nimekibonyeza mara mbili. Nikasema ngoja kidogo, mmoja wa wale sita atatoka. Nikasubiri na mimi."

Vijana wawili wakainuka. Bi Mwanjaa akawainulia kiganja, wakakaa. Hakumwambia Kaoneka nimekusamehe, wala hakumlaani. Alisema, "Kuna mstari mwingine chini. Soma mpaka mwisho. Ndiyo bei."

Kaoneka akasoma. "Hofu: haijulikani."

Mstari huo ulikuwa wa sindano ya Bi Mwanjaa. Ule mwingine wote ulikuwa wa mnara na wa Kaoneka, lakini huu alikuwa ameuandika yeye. Saa nzima mwanawe alikuwa peke yake mwisho wa safu, shati linamfinya, kioo kinamwambia asubiri, na kama aliogopa, kama alimwita mama, kama alikuwa ametulia akipiga mluzi wake, hakuna atakayejua. Mlango huo aliufunga mwenyewe, akaukaza. Akakaa nao. Watu wakamwona anakaa nao.

"Huo uacheni ulivyo," akasema hatimaye. "Hofu yake ilikuwa yake. Angalau hiyo hawakuipata."

Nyamizi akavua shati, akalikunja, akampa Kaoneka kwa mikono miwili, maana limekombolewa na mtani havunji ahadi yake. Kaoneka akalishika. Kisha akatembea hatua nne akaliweka mapajani mwa Bi Mwanjaa.

"Mfiwa ni wewe, mama," akasema.

Bi Mwanjaa akaomba kalamu. Akaitandaza karatasi ya ofisi juu ya kapu, akapiga mstari juu ya "mtu asiyejulikana", na juu yake akaandika jina lake. Akapiga mstari juu ya "bubu", akaandika: *lilisema mara saba*. Akafika kwenye "familia imeridhika". Herufi zake zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku kama mbuzi kwenye mvua. Aliikata "imeridhika", akaandika "haijaridhika". Akatia jina chini.

"Mpelekee mkaguzi," akasema. "Umwambie shati analo mwenyewe, aje alichukue hapa."

*

Jumatatu, mkaguzi akiwa bado hajafika, kwenye mlango wa chumba cha viraka palikuwa pamebandikwa amri mpya: mafundo yote yafunguliwe kabla ya saa nane. Bi Mwanjaa aliisoma yote, kidole chini ya maneno, akaingia, akakaa kwenye kigoda chake. Mashati yalikuwa yamerundikwa mbele yake kuliko siku yoyote. Alipoyapekua aliona mengi hayakuchanika. Yalikuwa yamekatwa kwapani kwa wembe, mkato mdogo, wa kuombea kiraka. La juu kabisa lilikuwa la mzee wa toroli.

Ilipofika saa tano na dakika arobaini, korona ikabadili mlio. Ikanguruma, ikakohoa, kama mtu anayetafuna kitu kisichokuwemo mdomoni. Kisha ikanyamaza.

Bi Mwanjaa hakuwahi kusikia kambi ikiwa kimya mchana. Alisikia kunguru. Alisikia maji yanadondoka kwenye mfereji.

Nyamizi akatokea dirishani, kilemba kimejaa vumbi jeupe.

"Kuna nini huko?" akauliza Bi Mwanjaa.

"Kitalu cha nne, shati limemfinya mmoja. Mnara ukamwambia asubiri." Nyamizi akaegemea dirisha, akapumua. "Akakaa chini asubiri. Wa pembeni akaweka panga akakaa naye. Kisha safu nzima. Kisha vitalu vyote. Wasimamizi wanapita wanapiga kelele, watu wanawaonyesha vioo: si mmetuambia tusubiri? Tunasubiri."

"Na Kaoneka?"

"Kakaa. Katikati ya safu, suruali yake ile safi."

Bi Mwanjaa akainuka akachungulia. Kutoka pale aliona mistari ya mkonge imekwenda mpaka chini ya kilima, na kati ya mistari watu wamekaa, mamia, mapanga yamelala mbele ya miguu yao, kama wako msibani. Mnara ulikuwa umeshaona hasara, ukaacha kuhesabu sita. Vioo mikononi mwao vilianza kuwaka, kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, vikimeta juani: PUMZIKA, PUMZIKA, PUMZIKA.

Hakuna aliyekitazama kioo chake.

Bi Mwanjaa akarudi kwenye kigoda. Akachukua shati la mzee wa toroli, akaligeuza kwapa nje, akatafuta uzi wa hofu kwa ncha ya sindano, taratibu, akiuacha mbali ule wa chumvi. Akaukunja mara moja. Akauzungushia pamba. Akakaza, na uzi uliobaki akaukata kwa meno.